Gobori ya Dola 1,600: Unalipia Nini Hasa?

Wadau, leo tunaongea kuhusu bunduki. Usikimbie. Najua hapa tumezoea simu, viatu vya kukimbia na zile blenda zinazouzwa bei ya mbuzi, lakini swali ni lile lile letu la kila siku: kitu kikiwa bei mara tano ya mwenzake, ile nyongeza inakununulia nini?

Kazin yangu yuko Ohio, Marekani, mwaka wa sita sasa. Anafanya kazi kwenye ghala, na wenzake wa kazi wamemwalika kwenda kuwinda kulungu mapema Januari, msimu wa gobori. Juzi akanitumia picha ya bunduki moja nyembamba, nyepesi, kitako cha kaboni, dola 1,600. Chini yake ameandika maneno matatu: "Bro, inafaa ama?"

Ukipiga hesabu ya shilingi 129 kwa dola, hiyo ni shilingi 206,400. Na huyu kijana ndiye alisema mbele ya familia yote kwamba karo ya dadake ya Januari ni juu yake. Kwa hivyo hilo si swali la kujibiwa kwa emoji ya dole gumba.

Jibu langu fupi: kwa vile wewe utawinda, hapana. Jibu refu ndilo hili, na nimeamua kuliweka hapa kwa sababu najua si yeye peke yake. Mko wengi huko majuu mnaoalikwa msituni na mabosi na majirani, na kitu cha kwanza mnachoonyeshwa ni katalogi.

Ukiniuliza mimi nimejulia wapi mambo ya bunduki, nilisoma Pennsylvania miaka miwili. Nilipanga chumba kando ya nyumba ya mzee mmoja mstaafu, mtu wa gobori hasa. Sikuwa na leseni ya kuwinda, lakini nilienda naye msituni mara kadhaa nikiwa mtazamaji na mbebaji wa chai, na kwenye uwanja wa shabaha alinifundisha kushindilia na kufyatua. Nimebeba nzito, nimebeba nyepesi. Nina la kusema.

Gobori ni nini, kwa wale wanaijua kwa jina tu

Bunduki ya kawaida unaweka risasi iliyofungwa pamoja na baruti yake ndani ya ganda, unafunga, unapiga, unaweka nyingine. Gobori haina mambo hayo. Unamimina baruti kupitia mdomo wa mtutu, unafuatisha risasi, unaisukuma mpaka chini kwa mdeki, halafu unaweka cha kuwasha moto huku nyuma. Ukikosa, kazi yote inaanza upya. Fundi anaweza kurudia kwa nusu dakika. Mimi nilikuwa nachukua dakika nzima na jasho juu.

Watu wa Pwani wanalijua neno hili kutoka kwa mababu, na wanajua pia gumegume, ile ya zamani zaidi inayowashwa na jiwe likigonga chuma na kutoa cheche. Kenya hatuwindi kwa mchezo tangu serikali ilipopiga marufuku mwaka 1977, kwa hivyo kwa mtu wa hapa nyumbani hili neno ni la makumbusho. Marekani ni tofauti. Kule majimbo mengi yana msimu maalum wa gobori, mbali na msimu wa bunduki za kawaida. Wazo lake ni kwamba mtu mwenye risasi moja tu atasogea karibu, atatulia na atafikiria kabla ya kupiga. Anapewa siku zake msituni kwa sababu amekubali kujipa kazi ngumu.

Sasa biashara nayo ikaingia. Mwaka 1985 fundi mmoja wa Missouri anayeitwa Tony Knight alitoa gobori yake, MK-85, ambayo moto unawashwa nyuma kabisa ya baruti, kwenye mstari mmoja na mtutu. Inawaka haraka, haisumbuliwi sana na mvua, na kwa umbo inafanana na bunduki ya kisasa. Wenye viwanda wakaelewa kwamba kuna soko. Leo ukiingia dukani unapata gobori ya kisasa ya karibu dola 300, unapata za dola 600, na ukipita dola 1,000 unaingia kwenye ulimwengu wa kaboni na wepesi. Ziko hata zinazovuka dola 4,000. Zote zinapiga risasi moja.

Ule wepesi ni kiasi gani?

Hapa ndipo nataka twende polepole, maana neno "nyepesi" linauza vitu vingi sana duniani.

Gobori ya kawaida ina uzito wa kilo 3.6 hivi, ikizidi au ikipungua kidogo. Zile za kifahari nyepesi ziko kama kilo 2.7. Tofauti ni gramu 900. Haifiki hata pakiti ya kilo moja ya sukari. Ukitoa bei ya ile ya dola 300 kwa ile ya dola 1,600, unabaki na dola 1,300, yaani shilingi 167,700, kwa kupunguza mzigo usiofika pakiti ya sukari.

Si ati gramu 900 si kitu. Ukiibeba mkononi siku nzima ukipanda na kushuka, utaijua. Na hapa namtetea muuzaji kabisa: kuna mtu ambaye kwake hiyo pesa ni halali. Mtu wa Colorado kwa mfano. Kule msimu wa gobori uko Septemba, na watu wanawafuata elki, yule kulungu mkubwa ambaye dume lake linaweza kufika kilo 300, juu milimani kwenye mita 3,000. Kama umewahi kupanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, kambi ya Old Moses iko mita 3,300, kwa hivyo unajua vile pumzi inakuwa na vile hata chupa ya maji inageuka kuwa adui. Mtu anayetembea huko siku tano mfululizo na kila kitu chake mgongoni, akiniambia amelipia wepesi, nitamwambia umefanya vizuri.

Lakini kazin yangu anaenda Ohio. Nimemuuliza watawindaje. Amesema wataegesha gari kando ya shamba la mahindi, watembee dakika kumi na tano, wapande kwenye kiti kilichofungwa juu ya mti, wakae hapo mpaka jioni. Bunduki itakuwa imelala mapajani ama imening'inia kwenye tawi. Sasa bana, gramu 900 zinakuumiza wapi ukiwa umekaa?

Na usisahau mwisho wa hiyo safari. Ukifaulu, kuna kulungu wa kilo hamsini na kitu wa kuburutwa kwenye theluji mpaka kwa gari. Hakuna mtu hufika pale akasema, "Afadhali bunduki yangu ni nyepesi."

Kile ambacho katalogi haikwambii

Wepesi ni wa kubeba. Wakati wa kupiga, wepesi unakudai.

Fizikia ni ya shule ya upili tu. Risasi ikienda mbele, bunduki inarudi nyuma kwenye bega. Kama baruti ni ile ile na risasi ni ile ile, bunduki ya kilo 2.7 inarudi na nguvu zaidi ya ile ya kilo 3.6, karibu theluthi moja zaidi. Na gobori si bunduki ya teke dogo hata kwa kawaida, maana inasukuma risasi nzito na baruti nyingi.

Hili nililihisi mwenyewe. Siku moja kwenye uwanja wa shabaha, rafiki wa yule mzee alikuja na gobori yake mpya nyepesi, akatualika tujaribu. Kuibeba ilikuwa raha, hata unajiuliza kama kuna kitu mkononi. Risasi ya kwanza nikasema sawa. Ya tatu, bega likaanza kunung'unika. Ya tano, nikaona mwenye bunduki mwenyewe anafumba macho nusu sekunde kabla ya kufyatua, na mashimo yake kwenye karatasi yakaanza kutawanyika. Mwili si mjinga. Ukishajua unapigwa, unajikaza mapema, na ukijikaza mtutu unasogea. Akapiga mbili za mwisho, akafunga mfuko, akasema inatosha kwa leo. Yule mzee na lile gobori lake zito akaendelea mpaka saa kumi jioni, akipiga, akifuta mtutu, akishindilia tena, taratibu kama mtu anayepalilia.

Kuna mambo mawili hapo. La kwanza, bunduki nzito inatulia zaidi ukiwa umesimama umeinua mikono bila pa kuegemeza, kwa sababu mtetemo wa mikono na mapigo ya moyo hayaisukumi kirahisi. La pili, na hili ndilo kubwa, bunduki inayouma hufanyiwi mazoezi. Unaipiga mara tano kwa mwaka, unairudisha kabatini, halafu Januari unamlenga mnyama aliye hai.

Ni kweli baadhi ya hizi nyepesi zina kifaa cha mdomoni cha kupunguza teke. Kinasaidia bega, kinakutandika masikio. Unachagua unaumia wapi.

Mnyama ndiye anayelipa tofauti

Risasi ya gobori ni nzito na inapoteza mwendo haraka. Ndani ya mita 100, mkononi mwa mtu aliyefanya mazoezi, inafanya kazi safi. Ukipita 150 inaanza kushuka kwa kasi, na lazima uwe unaijua bunduki yako kama mkono wako. Ukikosea kidogo, kulungu hafi pale. Anakimbia na jeraha, anaenda kufia kichakani usiku, ama anaishi wiki mbili akioza mguu. Na wewe huna risasi ya pili ya haraka. Bado unamimina baruti.

Ndiyo maana nimekuwa nikimwambia kazin, swali la kwanza si bunduki ya bei gani. Swali ni umepiga risasi ngapi kabla ya Januari.

Yule mzee wa Pennsylvania alikuwa anawinda sana ule msimu unaoanza baada ya Krismasi. Sheria ya huko kwenye msimu huo inataka gumegume, ile ya jiwe na cheche. Yake alikuwa nayo zaidi ya miaka thelathini, kitako kimepauka, na nzito hata kuliko hizo za kisasa za bei rahisi. Jioni moja kulungu jike alitokea kwenye ukingo wa msitu, akasimama ubavu, ametulia kabisa. Mimi nikashika pumzi. Mzee akainua bunduki, akalenga, akakaa hivyo kwa muda ulionichosha mimi nisiyeshika kitu, halafu akaishusha. Kulungu akaenda zake. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, "Mbali." Neno moja tu. Kwa macho yangu haikuwa mbali hivyo, lakini yeye alikuwa amepiga karatasi za umbali ule mara nyingi vya kutosha kujua ni ngapi kati ya kumi zinaenda kombo.

Hiyo akili ya kushusha bunduki haikuuzwa pamoja na kitako cha kaboni. Inanunuliwa kwa baruti, risasi na Jumamosi nyingi.

Na sheria pia ina lake

Kitu kingine ambacho watu hawapigii hesabu: msimu wa gobori unaishi kwa kanuni, na kanuni hubadilika. Kila jimbo lina zake. Ohio wanaruhusu darubini juu ya gobori. Colorado hawaruhusu kwenye msimu wao wa gobori, na pia wanakataa baruti ya vidonge na vile vikombe vya plastiki vinavyovalishwa risasi. Utah walifungulia darubini za kukuza mwaka 2016, halafu 2024 wakazirudisha nje. Na hapo Pennsylvania, gobori yako ya kisasa ya dola 1,600 itakubalika ule msimu wa Oktoba, lakini baada ya Krismasi inalala nyumbani, mzee anatoka na gumegume lake.

Unaona mtindo? Kila mara viwanda vikiifanya gobori ifanane na bunduki ya kawaida, kuna jimbo linalouliza: sasa huu msimu maalum ni wa nini? Ukinunua kwa sababu ya teknolojia yake, jua unaweka pesa kwenye kitu ambacho bodi ya wanyamapori inaweza kukipunguzia thamani kwa kura moja. Na kwa ninyi wenye visa, ulizeni mapema kabisa kuhusu sheria ya kumiliki, ya jimbo na ya nchi. Hilo usimwachie muuzaji akujibu.

Halafu kuna usafi. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, na masalio yake yanavuta unyevu hewani na kula chuma. Lazima uoshe mtutu siku ile ile, maji moto na sabuni, ukaushe, upake mafuta. Kuna baruti mbadala za kisasa zenye huruma kidogo, lakini kazi iko pale pale. Gobori ya dola 300 inayooshwa itaizika ile ya dola 1,600 iliyoachwa kwenye buti ya gari wikendi moja.

Kazin akanirudishia

Nilimtumia haya yote kwa sauti, dakika kumi na moja. Akasikiliza, akacheka, akaniambia: "Wewe uko na simu ya laki na nusu ya kupiga picha ya chapati. Mimi nikitaka kitu kizuri kimoja kwa miaka sita, ndiyo umegeuka mhasibu?"

Ni pigo zuri, nalikubali kama hoja. Simu yangu nitaitetea: inafanya kazi kila siku, na ndiyo inalipa kodi ya nyumba. Lakini hiyo si sehemu nzito ya maneno yake. Sehemu nzito ni ile ya miaka sita. Watu huku nyumbani tunafikiri mtu wa majuu ni ATM yenye miguu. Tukisikia amejinunulia kitu, tunahesabu mara moja ingekuwa mabati mangapi. Mimi sitaki kuwa huyo mtu. Raha ni sababu halali ya kununua kitu. Kitu kilichotengenezwa vizuri kina utamu wake mkononi, na mtu anayeamka saa tisa usiku kwenda kwenye ghala anaruhusiwa utamu.

Ninachokataa ni kuiita raha kwa jina lingine. Ukinunua ile ya dola 1,600 ukisema "nimependa, nina pesa, basi," sina neno. Ukinunua ukisema itakufanya mwindaji bora kuliko jamaa mwenye ya dola 300, umedanganywa, na atakayelipa huo uongo wa kwanza ni kulungu. Na ukinunua kwa sababu hutaki kuonekana maskini kwenye buti la gari mbele ya wenzako wa kazi, hiyo itakufuata, maana msimu ujao kuna mwingine atakuja na ya dola 4,000.

Kwa hivyo ushauri wangu kwake, na kwako kama uko kwenye viatu vyake, ni huu. Mwaka wa kwanza, omba mmoja wa hao wenzako akuazime gobori ya kawaida siku ya mazoezi. Ukiipenda hii kazi yenyewe, nunua ya karibu dola 300, kisha tenga nyingine mia mbili za baruti, risasi na ada ya uwanja. Piga mpaka ujue umbali wako. Baada ya misimu miwili, jiulize: natembea kilomita ngapi na hii kitu? Nimeipiga mara ngapi mwaka huu? Kuna siku uzito wake ulinizuia kufika mahali? Kama majibu yanakupeleka milimani, nenda ukalipie wepesi bila kuomba radhi kwa mtu. Kama majibu yanakuacha juu ya ule mti kando ya shamba la mahindi, ulishapata ulichohitaji.

Hajaniambia ameamua nini. Ameuliza tu kama dadake ametumiwa barua ya karo, na ni ya tarehe ngapi. Nimemtumia. Ile bunduki itakuwa dukani hata Machi.